Sura Niliyoitoa Kiooni

Bwenini, 9 Februari

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mafua tu yaliyonipokea siku ya kufungua shule ndiyo hayajataka kuniaga. Natumaini goti lako limeacha kelele na Babu hajambo. Mpe shikamoo yangu, umwambie mke wake mdogo hajaposwa na mtu mwingine, atulie. Baba akirudi na lori lake, naye umsalimie. Na Mama.

Huku nimehamishiwa kitanda cha juu. Chini yangu analala msichana tunayemwita Msumari, maana akishaketi mahali hang'oki. Simu wametukataza kabisa muhula huu, kwa hiyo utachoka kusoma mwandiko wangu.

Sasa jambo lenyewe. Tumeanza somo la sanaa na ufundi. Mwalimu wake ana madoa ya gundi hadi kwenye nyusi, shule nzima inamwita Bwana Gundi, naye anaitika. Kila mmoja wetu anatakiwa atengeneze kitu kwa mikono yake, kitu chenye umbo, kisha kitembee au kiwake kwa betri. Msumari anatengeneza jogoo wa makopo atakayewika. Mimi nimeamua kutengeneza kichwa changu mwenyewe. Nitakifinyanga kwa udongo, nikifunike kwa karatasi zilizolowekwa kwenye gundi, na zikikauka nitaukwangua udongo wote utoke, nibaki na kichwa chepesi kitupu. Ndani yake nitaweka mota ndogo niliyoitoa kwenye printa mbovu ya ofisini. Mtu akikisogelea kitafumbua macho.

Kila tukimaliza hatua tunaandika tafakari: nimefanya nini, nini kimenishinda, nimejifunza nini. Jana niliandika kwamba nimejifunza kuwa siujui uso wangu. Bwana Gundi akapiga mstari chini yake, akaandika, "Tafuta kioo."

Mwezi wa saba kuna maonyesho na wazazi wanaalikwa. Bibi, naomba unisemee kwa Mama. Hajawahi kuja shuleni hata mara moja. Mwaka jana alikuja Baba, mwaka juzi ukaja wewe na goti lako. Nimemwandikia, lakini najua barua zangu wewe ndiye unayemsomea huku yeye anashona. Mwambie ninatengeneza uso wangu, aje autazame. Labda wa karatasi ataweza.

Mjukuu wako,
Sinzia


Nyumbani, 3 Machi

Kwako mke mwenzangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Sisi hatujambo. Goti halijaacha kelele, ila mimi na lenyewe tumeshazoeana. Babu yako amefurahi kusikia hujaposwa, ingawa ilibidi nirudie mara tatu kwa sauti, masikio yake yamegoma, na sasa mtaa mzima unajua habari zako. Baba yako alipita na lori, akalala usiku mmoja, akaendelea na safari. Mama yako yuko kwenye cherehani yake pale chumba cha mbele, amezingirwa na sare za watoto wa watu.

Kuhusu hicho kichwa. Nimekuwa mkunga tangu mama yako hajavaa viatu, nimepokea vichwa kwa mikono hii hadi nikapoteza hesabu, na sijaona hata kimoja kilichohitaji mota. Lakini ya kale hayapo, fanyeni yenu. Unasema huujui uso wako. Mimi ninaujua, nilikuwa wa kwanza kuuona. Ulitoka na ukope wa jicho la kushoto umelala nusu, kama mtu aliyekerwa kwa kuamshwa, nikasema huyu ni Sinzia. Ukope ule haujapanda juu hadi leo. Usiuonee haya. Ufinyange hivyo hivyo.

Kuhusu mama yako kuja, ana kazi nyingi. Sare zote hizi zinadaiwa, na uzi wa rangi ile umeadimika madukani. Mwezi wa saba bado uko mbali, tutaona.

Ile sentensi yako ya mwisho niliiona, nikairuka nilipokuwa namsomea. Mama yako anakupenda. Nani alikesha nawe ulipougua surua? Nani anakushonea nguo hadi za ndani? Mtoto hahesabu nani amemtazama na nani hakumtazama. Kula, soma, oga.

Bibi yako


Bwenini, 30 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Mafua yameniaga. Jogoo wa Msumari amewika peke yake katikati ya hesabu, mwalimu akatutoa nje darasa zima, hivyo tumepata jua kidogo. Poleni na uhaba wa uzi. Mwambie Babu nimesikia kwamba mtaa mzima umesikia.

Kichwa kimekamilika. Nilikopa kioo cha Msumari, nikakiegemeza kwenye ndoo, nikawa nafinyanga ninachokiona. Kope nimezikata kwenye mpira wa tenisi ya meza, moja pana kwa ukope uliolala na moja fupi, nikaziunganisha na mota kwa waya. Kulehemu kulinishinda, nikaungua kidole, nikajaribu tena, nikaungua kingine. Bwana Gundi amekipiga picha na kuichapa, nimeiweka humu ndani ya bahasha. Mwonyeshe Mama.

Sasa nikuambie linalonisumbua, na usinicheke. Kila mtu anasema ni mimi mtupu. Mimi nikikitazama naona si mimi. Ni pua yangu, ni mdomo wangu, masikio nimeyapima kwa rula. Lakini si mimi, Bibi, na siwezi kuonyesha kwa kidole ni wapi.

Na kinafumbua macho bila mtu. Ijumaa tulikuwa tunafagia karakana, wote tuko upande wa dirishani, nikasikia ile mota inalia huko mezani. Tukageuka, macho yako wazi. Bwana Gundi akakagua waya, akasema ni jua la dirishani linakidanganya kile kidude cha kuhisi mtu. Tukafunga madirisha. Kikafumbua tena. Msumari, ambaye hang'oki, aling'oka.

Nimekifunika kitambaa. Lakini hata nikiwa nimekaa mbele yake, kikifumbua macho hakinitazami mimi. Kinatazama nyuma yangu, mlangoni, kama kuna mtu anayechelewa. Bwana Gundi anasema ni mboni, nilizibandika zikakaa juu kidogo. Nimezibandua na kuzibandika upya mara mbili. Bado kinatazama mlangoni.

Mama akiiona picha, niambie amesema nini. Neno lolote.

Sinzia


Bwenini, 4 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Je, ninyi ni wazima? Nimengoja barua yako hadi karani wa ofisi ananikimbia akiniona. Wenzangu wote wamepata barua. Hata Msumari, ambaye kwao hawajui kuandika ila kumgombeza, amepata.

Kama kuna mgonjwa nyumbani niambieni. Kama picha imemkera Mama, niambieni pia.

Sinzia


Nyumbani, 15 Mei

Sinzia,

Tu wazima. Hakuna mgonjwa.

Kichwa hicho kivunje. Usimpe mtu, usikihifadhi, kivunje na karatasi zake uzichome. Tengeneza jogoo kama mwenzako. Na usimwandikie mama yako jambo lolote tena kuhusu hilo.

Bibi yako


Bwenini, 27 Mei

Kwa Bibi,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nikadhani kuna kurasa zimedondoka njiani. Hukuniuliza nimekula nini. Hukunitania. Nimeilinganisha na zile za zamani, mwandiko ni wako, lakini wewe humo sikukuona.

Sijakivunja. Siwezi kuvunja kazi ya muhula mzima bila kuambiwa sababu, hata kama anayeniamuru ni wewe. Nisamehe.

Juzi tulisoma tafakari zetu mbele ya darasa. Msumari alisema amejifunza kwamba jogoo hafungwi swichi kwenye mkia, watu wakacheka. Mimi nikasoma kwamba kichwa changu si mimi. Bwana Gundi akanishika bega, akanigeuza nikitazame kichwa, kisha nijitazame kwenye kioo. Akauliza, "Ukope wako uliolala ni upi?" Nikasema wa kushoto. "Na wake je?" Wake ni wa kulia. Nilifinyanga nilichokiona kiooni, Bibi, na kioo kinapindua pande. Anasema kila mwaka kuna wanaokosea hivyo hivyo, si dhambi, ukope mmoja tu wa kubadilisha. Kumbe muda wote ni kosa dogo namna hiyo.

Lakini wewe kwa kosa dogo umesema nichome. Kwa hiyo nakuuliza, na kuuliza si ujinga. Najua kabla yangu alikuwepo mwingine, msichana, na alikufa. Hilo tu ndilo ninalolijua. Siku moja nikiwa mdogo nilimuuliza Mama dada alikuwaje. Alinyanyuka akaiacha nguo ikining'inia kwenye sindano ya cherehani, hakurudi chumbani hadi giza. Sikuuliza tena. Je, ni yeye?

Mama hunisuka akiwa nyuma yangu. Hunipima nguo akiwa nyuma yangu. Akiongea nami hutazama kola. Nilizoea, nikadhani akina mama wote wako hivyo, mpaka nilipoona mama yake Msumari akimshika mashavu mwanawe getini. Nina haki ya kujua ananikwepa mimi au anamkwepa nani.

Sinzia


Nyumbani, 14 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Umekula? Babu yako anakusalimu. Baba yako yuko njiani na lori. Mimi nimeanza barua hii mara nyingi, na kila nikifika hapa kalamu inagoma kama masikio ya Babu yako.

Ni yeye.

Nilimpokea kwa mikono hii, kama nilivyokupokea wewe. Alitoka na ukope wa kulia umelala nusu. Ni mambo ya ukoo, hata mama yangu alikuwa nao. Alikuwa mtundu, alijua kupiga mluzi na vidole viwili, na alikuwa na umri wa miaka kumi alipougua. Wakati huo mama yako alikuwa ameajiriwa kiwandani, mji wa mbali, anashona mashati, na wewe ulikuwa tumboni. Homa haikutupa nafasi. Tulimtumia mama yako habari siku ile ile. Mvua zilikuwa zimelikata daraja, basi halikupita. Mtoto alilala akiutazama mlango, anauliza, "Mama amefika wapi sasa?" Nikawa namwambia yuko njiani, na kweli alikuwa njiani. Alivuka mto kwa miguu na mimba yake. Alipofika tulikuwa tumetoka kuzika.

Hakumwona, Sinzia. Hakumwona uso. Na picha yake hatukuwa nayo, wakati ule picha ilikuwa mpaka uende studio, na tulikuwa tunasema tutakwenda, tutakwenda.

Ukaja kuzaliwa wewe. Nikakuinua nikamwonyesha. Akakuona lile jicho, upande mwingine, akageuza uso ukutani. Alikunyonyesha, alikubeba, hakukukosesha kitu hata siku moja. Lakini kukutazama usoni kulimshinda. Nilidhani kutapita. Watu husema asiyekuwepo machoni na moyoni hayupo. Waliosema hivyo hawakumjua mama yako.

Bahasha yako ya ile picha niliifungua nikiwa nimekaa karibu naye, kama kawaida, nimsomee. Picha ikateleza ikaangukia kitambaa alichokuwa anakata. Akaiokota. Mimi nikangoja alie. Hakulia. Aliitazama muda mrefu, akatabasamu, akasema, "Amekua."

Nikamwambia, huyo ni Sinzia, ni kazi yake ya shule. Akasema, "Mama, mimi mwanangu simjui?"

Sasa picha ameibandika kwenye cherehani. Anaongea nayo. Anamweleza habari za uzi. Sare za watu amezisukuma pembeni, anashona gauni moja, la msichana wa umri wako, lakini hakuchukua vipimo vyako anavyovijua kwa kichwa. Amevitoa wapi hivyo anavyotumia, sijui. Usiku nasikia cherehani, na ikinyamaza nasikia anacheka. Mimi niliyekaa vyumba vya kuzalia na vya kufia sikuwahi kuogopa, sasa naogopa kupita chumba cha mbele kwenda kunywa maji.

Na anakuja huko. Amesema mwenyewe, "Mwezi wa saba nakwenda kumwona." Miaka yote hii nimeomba aje kwako. Sasa anakuja, na natamani nimfungie mlango, kwa sababu hakusema anakwenda kumwona Sinzia. Nisamehe kwa kukuandikia hivyo, lakini umetaka kujua.

Sina amri tena. Kivunje, kibadilishe, kiache. Wewe ndiye utakayekuwa pale atakapoingia.

Bibi yako anayekupenda


Bwenini, 16 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo wewe na Babu. Barua hii inaletwa na Mama mwenyewe, basi lake linaondoka jioni, kwa hiyo naandika mbio na mwandiko utanisamehe. Usiogope. Mama ni mzima. Amekula.

Barua yako niliisoma nikiwa kitanda cha juu, nikashuka moja kwa moja hadi karakana. Nilifikiri nitamlilia dada yangu. Sikumlilia. Nilimwonea wivu, Bibi. Mama amekuwa nami miaka kumi na sita bila kunitazama, halafu kosa langu la kioo linapata tabasamu na gauni. Nikachukua wembe, nikaikata ile kope pana ya kulia, nikaibandika kushoto, na ile fupi nikaihamishia kulia. Nikaandika kwenye tafakari: "Nimerekebisha kosa. Sasa ni mimi." Bwana Gundi akanipa alama zote. Tangu siku hiyo hakikufumbua macho tena bila mtu, na hakikutazama mlangoni. Kilikuwa kichwa cha karatasi tu. Nilitaka hivyo. Nilitaka aje anikute mimi, akose pa kukimbilia.

Leo ukumbi ulijaa. Mama aliingia na mfuko wenye gauni kifuani, amevaa viatu vyake vya safari. Nilisimama nyuma ya meza yangu. Alikuja akipita meza moja moja, akampita jogoo wa Msumari aliyekuwa akiwika, hakumsikia. Akafika kwangu. Hakunisalimu, alikuwa anakitazama kichwa. Akakisogelea, mota ikalia, macho yakafumbuka.

Mama akayatazama. Akainama, akatazama tena. Kisha akaiacha meza yangu akaenda ya pili, na ya tatu. Akainua kitambaa kilichofunika kazi ya mtu, akachungulia chini. Watu wakaanza kumwangalia.

Nikamfuata, nikamwita.

"Yuko wapi?" akaniuliza, anatazama kola yangu. "Yule wa kwenye picha, mmemweka wapi?"

"Mama, ni kile kile. Nilikuwa nimekosea upande. Nimekibadilisha."

"Umembadilisha."

"Ndiyo, Mama."

"Lini?"

Nikamwambia lini. Akahesabu midomo ikitikisika, akasema taratibu, "Nimechelewa tena."

Akaketi sakafuni, Bibi, katikati ya wazazi wa watu. Gauni likatoka kwenye mfuko. Ni dogo. Lile gauni ni la mtoto wa miaka kumi, na wewe ulisema ni la umri wangu. Sijui uliliona vipi, au alilipunguza lini. Msumari alikuja, akatandaza mikono kuwazuia watu wasitukaribie, na mtu hakumng'oa.

Wivu wangu wote ukaisha pale pale. Nilikuwa nimemzika mtu kwa wembe, mama yake akiwa njiani.

Nikikibadilisha tena kichwa, gundi isingewahi kukauka. Basi nikapiga magoti mbele ya Mama. Nikautia kidole ukope wangu wa kushoto, nikauinua hadi juu, ukakaa kama wa watu wengine. Kwa kidole kingine nikaushusha wa kulia, hadi nusu. Nikamwambia, "Mama, nitazame."

Akainua macho kutoka kwenye kola.

Sijui aliona nini. Mimi nilimwona yeye. Bibi, ana madoa madogo ya kahawia ndani ya jicho, sikuwahi kuyajua. Akaweka viganja vyake viwili kwenye mashavu yangu, vina alama za sindano. Akasema, "Nilikuja. Daraja lilikuwa limekatika, mwanangu, lakini nilikuja. Nilivuka kwa miguu." Alisema na mengine, ambayo hayakuwa yangu na sitayaandika. Aliyekuwa anaambiwa hakuwa mimi, nilikuwa nimemshikia tu mlango.

Alipomaliza alimfumba macho dada yangu. Alipitisha kidole gumba juu ya kope zangu, taratibu, ya kulia kwanza, na mimi nikaziacha zifungwe. Nikasikia pumzi yake. Nikasikia baridi usoni, kama mtu ameondoka mbele yangu, ingawa viganja vyake vilikuwa bado pale.

Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, nikaishusha. Nikaogopa kufumbua, kwa sababu ukope wa kushoto ungerudi pale ulipozaliwa nao, naye angeona ni mimi. Halafu nikafumbua macho.

Mama alikuwa bado ananitazama.

Mjukuu wako,
Sinzia